Unga wa uso ndani ya sombe

Marafiki, leo sura yangu sina pa kuiweka.

Mama wa mchumba wangu Dieudonné amekuja kutoka Boga kunitazama kwa mara ya kwanza. Wiki nzima nimekuwa najitayarisha. Niliona kwenye simu dada mmoja anasaga maganda ya karanga mpaka yanakuwa unga, anachanganya na asali, anajisugua uso, uso unang'aa. Nikasema, si maganda yamejaa sokoni? Nikatwanga, nikachekecha (mara moja tu, mkono ulichoka), nikajisugua kila asubuhi. Unga uliobaki nikauweka ndani ya kopo, jikoni.

Jikoni, jamani. Sijui akili yangu ilikuwa wapi.

Leo mama mkwe akafika, akakataa kukaa kama mgeni. "Wacha nipike sombe, mutoto yangu. Weye pumuzika." Nikapumzika kweli (mjinga mimi). Yeye akaliona kopo, akadhani ni karanga za kusaga, akamwaga nusu nzima kwenye sombe, yale majani ya muhogo.

Tukakaa kula. Tonge la kwanza tu, nikasikia kruu, kruu. Dieudonné akaacha kutafuna, akanitazama. Mama akaendelea polepole, kama mtu anayeogopa mfupa wa samaki.

"Karanga ya Bunia iko nguvu hivi?"

Nikajua palepale. Lakini utamwambiaje mama mkwe kwamba amekula dawa ya uso? Nikasema, "Labda muuzaji alichanganya na mchanga, mama."

"Basi tuende unionyeshe huyo muuzaji."

Nikasema jua ni kali. Akasema ana mwavuli.

Sokoni sisi watatu tukamkuta Mama Neema, anayeniuzia karanga siku zote, amekaa na wenzake. Mama mkwe akaweka kopo mbele yake. "Mama, weye unauzisha watu muchanga?"

Mama Neema akachovya kidole, akanusa, akanitazama. Nikamkonyeza. Hakuona, au hakutaka kuona.

"Hii hapana karanga, mama. Hii ni maganda. Nilimupa huyu bure. Alisema ni ya kusugua uso, juu mama mukwe wake anakuja."

Wauza karanga wote wakaangua kicheko. Dieudonné alicheka mpaka akakaa chini, juu ya gunia la mtu. Mama mkwe peke yake hakucheka. Alinishika kidevu, akageuza uso wangu kwenye jua, huku na huku, kama anachagua nyanya.

"Na ilisaidia wapi? Fasi gani?"

Sasa tumerudi nyumbani na mimi nimejifungia chumbani. Namsikia huko nje anampigia simu dada yake aliyeko Aveba, anamsimulia yote kuanzia mwanzo, kwa sauti ya kuita ng'ombe. Kama unaishi Aveba, nakuomba, jifanye hujasikia.