Machungwa Yaliyofungwa kwa Uzi

Asali hakupata jina lake kwa kufuga nyuki. Alilipata kwa ulimi, na siku mama yake mdogo alipotaja pampu, ulimi ukaanza kumwasha.

"Serikali inataka kuhifadhi machungwa ya kienyeji," alisema mama mdogo. "Mwenye miti ya zamani anapewa pampu na tangi. Ila bwana shamba lazima aje aone kwanza."

Asali akaitazama michungwa ya mama mdogo, imekauka kama mifagio. Akamkumbuka fundi mabomba mmoja wa mjini, mnunuzi asiyeuliza kitu kimetoka wapi.

"Mama, umechoka. Nenda kwa binti yako ukapumzike. Huyo bwana shamba niachie mimi."

"Mungu akubariki, mwanangu." Kabla chai haijapoa alikuwa ameshafunga mzigo. Mwingine angejiuliza mbona amekubali upesi hivyo. Asali alijipongeza.

Miti haikuwa na hata tunda la kusingizia. Asali akaenda sokoni, akanunua machungwa manene yanayong'aa, akayaning'iniza matawini kwa uzi wa kushonea. Shamba likapendeza.

Bwana shamba akaja na viatu visafi, vya mtu anayeyajua mashamba kwa picha. Akahutubia kwanza, maana mtumishi wa umma hawezi kuutazama mti hivihivi: serikali inawajali wakulima, inawathamini, haijawasahau. Pampu zenyewe zilikuwa zimelala ghalani tangu mwaka jana, zikimngoja mkubwa aje kupiga nazo picha. Kisha akachuma chungwa, akaligeuza. Lilikuwa na kibandiko cha dukani.

Asali akadakia. "Hii ni mbegu ya zamani sana, mzee. Aliipanda babu. Huzaa na nembo yake kabisa."

"Maajabu ya Mungu," akasema bwana shamba. "Na shamba ni lako?"

"Langu, mzee. La urithi."

"Basi limebaki sharti moja. Kila mti uchimbiwe mtaro wa kukinga maji ya mvua. Achimbe mwenye shamba, kwa mikono yake, nikimwona."

Asali na jembe walikuwa hawajawahi kujuana. Lakini mtaka cha uvunguni sharti ainame, naye akainama. Alichimba hadi viganja vikajaa malengelenge, huku bwana shamba amekaa kivulini akimenya yale machungwa, moja baada ya jingine. Fundi mabomba akipiga simu, Asali alihema tu: "Tulia, ndugu yangu. Pampu ni yako."

Mitaro ikaisha, pampu ikaja kweli. Mafundi wakaijengea kwenye zege, wakaizungushia vyuma. Kisha gari hilohilo lililoileta likarudi, akashuka mama mdogo.

"Mama! Mbona umerudi mapema?"

"Nimekuja kupokea pampu yangu. Nilishaandikishwa zamani, na bwana shamba ananijua. Kuchimba tu ndiko kulikonishinda."

Asali akamgeukia bwana shamba. Bwana shamba alikuwa anafuta mikono.

"Sasa si ungeniomba tu, mama, nikuchimbie!" Machozi yalimlenga, na safari hii hayakuwa ya kuigiza.

"Nikuombe wewe? Ungeumwa mgongo palepale. Nikaona bora nikuachie uibe."

Barabarani honi ikalia. Fundi mabomba alikuwa amefika na gari tupu na vijana wawili wenye misuli, tayari kubeba.

Mama mdogo akawachungulia, akatabasamu.

"Hao ni wenzako? Wakaribishe, mwanangu. Kule bondeni nina miti mingine."