Kamera ya Kuwaonea Perege

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Mwanangu mkubwa kaja asubuhi na futi. Shikamoo yake aliitupa akiwa anatembea, akapitiliza hadi bwawani. Ni mwashi, kila anachokiona anakipima. Kapima bwawa urefu, kapima upana, kasema limekufa. Jumapili analeta lori la kifusi, analifukia, anajenga vyumba vya kupangisha. Mimi nitakaa kibarazani nipokee kodi kama malkia. Nimemuuliza ni malkia gani anayeamua ugomvi wa wapangaji na choo.

Anasema humo hamna samaki. Ushahidi wake ni pumba: nikizimwaga zinaelea mpaka zinachacha. Nimemwambia ni baridi. Perege wakipigwa na baridi wanashuka chini na kususa, kama yeye alivyokuwa akisusa uji. Akasema haya mama, nionyeshe. Akimwona samaki kwa macho yake kabla ya kifusi kumwagwa, lori linageuza. Asipomwona, linamwaga.

Nikasema sawa. Nilisema upesi mno.

Maana wavu hauvutiki. Wezi waliponivulia usiku, nilichimbia visiki bwawa zima na kutosa matawi ya miiba, ili wavu wowote ukiingia utoke matambara. Kazi safi kabisa. Sasa na wangu unatoka matambara. Kuyatoa maji siwezi, nitayarudisha kwa nini? Kwa kikombe? Nimeshinda na ndoano. Nimevua ndala moja. Si yangu.

Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, alikuwa upande wake wa ukuta akijidai anaanika shuka. Shuka moja asubuhi nzima. Kaahidiwa chumba cha pembeni huyo.

Bwawa hili nililichimba kwa jembe, mjamzito. Mwiko wa kwanza wa uashi wa mwanangu ulinunuliwa kwa samaki wa humu. Leo ananijia na futi.

Neno hili naliandika hapa tu: na mimi sijawaona tangu baridi ianze. Hata mkia.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Sikulala vizuri. Niliota bwawa limejaa matofali, na matofali yanapumua.

Nimekwenda mjini kwa mjukuu wangu, binti anayetengeneza simu. Mke mwenzangu huyo, tunataniana. Kasema siku hizi kuna kamera zinaingia majini na kupiga picha za kutembea. Akaniuliza nina kiasi gani. Nikamwambia nina fedha ya pumba. Mimi bei naielewa kwa magunia ya pumba, na kwenye kitambaa changu mlikuwa na magunia matatu, chakula cha samaki mpaka baridi iishe. Akacheka akasema twende dukani ukaone, kuona hakulipiwi.

Dukani kuna kijana kavaa tai. Kamera ni kadogo, kanatosha kiganjani. Magunia kumi na manne. Nikasema haya, kwa hiyo inaingia majini. Akasema hapana mama, hiyo ni kamera yenyewe, kuingia majini kwa kina mpaka uinunulie nyumba yake. Nyumba. Magunia mengine matano. Halafu taa, maana chini kuna giza. Halafu fimbo ya kuishikia. Halafu betri ya akiba. Nikamwambia kijana, hata mimi niliolewa sikudai vyote hivyo.

Akauliza napiga mbizi kina gani. Nikasema kifuani. Akauliza ni maji ya bahari au ya ziwa. Nikasema ni maji ya mbolea ya kuku. Akaondoa mkono wake kwenye meza.

Mjukuu kanivuta nje. Anasema kwa fedha yangu kuna njia mbili. Ya kwanza ni simu kuukuu ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, ule wa kuvaa shingoni. Ya pili ni kukodi kamera ya mafundi bomba, wanayoitumbukiza kwenye mabomba kuona kilichoziba. Tuanze na mfuko.

Nimekubali. Lakini roho ilibaki kwa ile yenye nyumba.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mfuko umekula robo gunia. Simu ni ya mjukuu, kioo kimepasuka kona. Kaniagiza kwanza nitie karatasi laini ndani ya mfuko, nizamishe kwenye ndoo, niache. Ikitoka kavu, ndipo nitie simu. Nikamwambia mke mwenzangu, mimi nimefunga chupa za dawa ya watoto kabla mama yako hajaota meno. Akasema ndiyo bibi, tia karatasi.

Nilitia karatasi. Ilitoka kavu. Sitamwambia.

Nimeifunga simu kwenye mpini wa ufagio, nikazamisha, nikabonyeza kwa mti. Haibonyezeki ndani ya maji. Nikabonyeza, nikabonyeza. Wifi akaniuliza juu ya ukuta kama napika ugali. Mjukuu kwenye simu yangu ya tochi anasema bibi, washa ikiwa nje, ndipo uishushe. Angesema mapema.

Jioni kaja akitokea kazini kwake, tukaketi kuangalia. Kijani. Kijani. Kijani kimepita, kimerudi. Nimeitazama yote nikikodoa mpaka macho yakatoa machozi, nikidhani naona kitu, kumbe ni nywele yangu.

Mjukuu anasema maji yamejaa vijidudu vya kijani, kamera haioni mbali. Bila shaka yamejaa. Maji yangu ni mazuri. Ukitia mkono mpaka kwenye kiwiko usiuone tena, hapo samaki wana chakula. Miaka yote napima hivyo. Mwenye bwawa la kuona chini ana bwawa la kuogea.

Kwa hiyo tatizo si maji yangu. Tatizo ni kamera ya maskini. Haina taa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimemleta fundi bomba. Kamera yake iko kwenye ncha ya waya mrefu, na ina vitaa vyake pembeni kama jicho lenye meno. Kiooni unaona hapo hapo. Gunia zima kwa siku moja. Nilimwomba apunguze, nikamkumbusha nilimjua baba yake. Akasema baba yake naye alikuwa hapunguzi.

Wifi kasema kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili: kamera iliyotoka chooni inaingia kwenye samaki wa watu. Fundi akaapa huwa anaiosha. Alivyoapa sikumwamini.

Tukawasha taa, tukashusha. Kioo kikawa cheupe, vumbi tupu linang'aa, kama taa za gari kwenye ukungu. Nikamwambia aongeze mwanga. Akaongeza. Ikawa mbaya zaidi. Mjukuu akapiga simu, akasema mwanga wa taa unagonga uchafu wa majini na kuirudia kamera, bibi zima taa, isogeze kamera karibu, shibiri moja na unachotaka kukiona. Nikamuuliza shibiri moja na nani, nitamjuaje samaki alipo? Ningejua alipo ningekodi kamera ya nini?

Fundi akasukuma waya ndani zaidi. Ukanasa. Kwenye visiki vyangu.

Kavuta, haukutoka. Nikavuta mimi, haukutoka. Akatoka jasho huyo fundi na baridi yote hii. Kasema hiyo kamera ndiyo ugali wa nyumbani kwake, na isipotoka nitailipa mpya. Nimemuuliza mpya ni magunia mangapi. Sitaiandika hapa hesabu hiyo, daftari litapasuka.

Mwanangu kapita akiwa na mwenye lori, wanapima njia ya magurudumu. Akaona waya umezama bwawani na mwanamume mzima anaulilia. Alikohoa tu. Afadhali angesema.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nimeingia mwenyewe. Nani mwingine? Fundi haogelei, anaogopa mamba wa kufikirika. Mjukuu alitaka kuingia, nikamwambia wewe una mimba za baadaye. Nikavaa gauni la zamani, nikashika mpini wa ufagio, nikashuka.

Maji yakanipanda kiunoni, yakanipanda kifuani. Baridi ilinikata maneno, jambo ambalo halijatokea tangu nizaliwe. Nikausikia waya kwa kidole cha mguu, nikaufuata mpaka kwenye kisiki. Nikasimama kimya nikiufungua.

Nikaguswa.

Kwenye muundi. Halafu kwenye goti. Vinywa vidogo vinadonoa, vinaacha, vinadonoa. Kimoja kikapita kizito, kikanisukuma shavu la mguu kama mtu anayetaka kupita foleni. Wapo. Wamo humo, wanene, wanakula ngozi yangu ya miguu kwa kuwa pumba hawazitaki. Nilisimama nalia ndani ya maji, na kwa kuwa nilikuwa nimelowa hakuna aliyejua.

Kamera imetoka. Fundi kaikumbatia, kaondoka bila kuaga, na gunia langu kalichukua.

Nikampigia mwanangu. Nikamwambia samaki wamenigusa miguu. Kasema mama, miguu yako hiyo ndiyo uliyosema mwezi jana ina ganzi. Kasema yeye alisema macho. Kasema pole, unywe chai ya moto.

Mjukuu alikuwa amekaa ukingoni. Anasema sasa tunajua wanakuja karibu na kisiki, tuwawekee chambo mbele ya simu, bila taa, jua likiwa katikati. Bure kabisa. Nikamjibu kwamba ile ya dukani yenye nyumba isingepata taabu yote hii. Akashika kichwa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mawingu. Jua halikutoka. Tumefunga simu kwenye mpini, mbele yake shibiri moja tukaning'iniza donge la pumba na dagaa waliosagwa. Tumeshusha mara nyingi. Kijani, na donge. Donge linaonekana vizuri sana. Tuna picha nzuri mno za donge.

Wifi kaniletea chai. Chai yenyewe nzuri, hilo ndilo lililonitisha. Kasema wifi yangu, usijiumize, na wewe umri umekwenda, vyumba navyo ni baraka. Kauliza kama nadhani chumba cha pembeni kitaingia kabati. Nimemwambia kitaingia, ila litalowa.

Kisha nimekwenda kukaa bwawani peke yangu. Kifusi nacho kimeshapakiwa, nimekiona barabarani kimefunikwa turubai kama maiti.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Lori limekuja mapema. Jua nalo.

Mwanangu kashuka kavaa viatu vya kazini. Wifi kaleta kiti chake mwenyewe kabisa. Nikasema hakuna kumwaga kitu mpaka jua lifike katikati, nimeahidiwa kabla ya kumwaga, na sasa ni kabla. Dereva akalala ndani ya lori. Mjukuu akawasha simu, akaishusha kando ya kisiki, donge mbele. Tukangoja. Mikono yangu nimeikalia.

Tulipoitoa tukakusanyika wote kwenye kile kioo kilichopasuka. Kijani. Donge. Kijani. Mwanangu akaanza kugeuka. Nikamshika mkanda.

Mdomo.

Mdomo mmoja umetoka kwenye kijani, mnene, umelibusu donge na kurudi. Halafu mwingine. Halafu kioo chote ni midomo na magamba, wanasukumana, donge limekwisha, mmoja anajaribu kuila simu.

Wifi akasema hizo ni za mtandaoni. Mjukuu akamwonyesha pembeni ya picha: mpini wa ufagio wetu, na utepe mwekundu niliofungia. Wifi akasema ufagio wowote unaweza kuwa na utepe.

Mwanangu kairudisha picha mwanzo, kaitazama tena, akiwa amechuchumaa. Mara ya tatu akacheka ule mdomo ulipotokea, kicheko chake cha utotoni, nilikuwa nimekisahau. Kasema mama, huyo amenenepa kuliko fundi bomba. Kisha akaenda kumwamsha dereva, akamwambia geuza.

Kifusi kimekwenda kumwagwa kwenye shimo la barabara, mtaa mzima umeshukuru. Wifi kabeba kiti chake. Nimempelekea chai. Nzuri.

Nimelala mchana, jambo nisilolifanya.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mwanangu kaja na shauri. Tung'oe visiki, tuvute wavu, tuuze wakubwa, na kila mtu atakuwa anawaona samaki bila mashine. Nimemsikiliza mpaka mwisho kwa heshima. Kisha nimeongeza visiki sita. Mtaa mzima sasa unajua samaki wapo, wezi nao wana masikio.

Mjukuu anasema somo la wiki hii ni kwamba mfuko wa robo gunia, chambo na jua vimetosha. Binti mzuri, lakini hana macho ya mbali. Kilichotuponza ni urahisi. Tungekuwa na ile yenye nyumba na taa mbili, nisingeingia majini na mgongo huu. Na isitoshe, simu ilionyesha midomo tu. Mikia sijaiona. Mtu unakuwaje na amani hujaona mikia?

Kwa hiyo leo nimekwenda dukani. Kijana wa tai kanikumbuka, kaniwekea mkono juu ya meza bila woga. Fedha yote ya pumba iliyobaki nimeiacha pale kama malipo ya mwanzo. Ameiweka kamera pembeni kwa jina langu, na nyumba yake, na taa zote mbili.

Samaki watakonda kidogo mpaka niimalizie. Lakini nitawaona vizuri sana wakikonda.