Barabara Iliyopita Jikoni kwa Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Msimamizi wangu wa uzamili wa mipango miji amenipa nafasi ya mwisho. Nikiharibu mchoro huu wa barabara ya mtaa wetu, nafunga virago. Namshukuru kwa moyo wote, mwingine angenitimua mwaka jana. Ameagiza tuupite mtaa kwa miguu, nyumba kwa nyumba, tukipima. Kwa jua hili! Mwanafunzi mwenzangu, niliyembandika jina la Bibi Futi, keshatoka na utepe wake, anapima hadi vichochoro vya kuku. Maskini. Mimi nina picha ya setilaiti. Nitaupita mtaa mzima nikiwa kitandani.

Jumanne, 5 Machi
Kazi imekwisha! Barabara pana, imenyooka, inakata kichaka kitupu. Shangazi, anayenilisha tangu nianze masomo haya, kaniletea chai kitandani na kuniambia nisijiue kwa kusoma. Machozi yalinilenga. Mungu amzidishie. Bibi Futi kanishauri niangalie picha ilipigwa lini. Wivu huo!

Alhamisi, 7 Machi
Mkutano wa wananchi. Ukumbi umejaa pomoni. Nikajipongeza, kumbe kila mtu kaja kutafuta nyumba yake kwenye mchoro. Shangazi akavaa miwani, akauliza barabara inaanzia wapi. Nikamwonyesha. Inaishia wapi? Nikamwonyesha. Akaweka kidole katikati, akaniuliza kwa upole kama hapo si jikoni kwake.

Ni jikoni kwake. Picha ilipigwa kabla hajajenga. Na mimi nakula humo kila siku!

Watu wakaja juu. Msimamizi akaanza kukunja karatasi zake. Nikajua nimekwisha. Hapo shangazi akainuka, akasema kijana wake kafanya makusudi, maana bila kuguswa jikoni nani angekuja mkutanoni? Ukumbi ukaangua kicheko. Msimamizi naye. Nimepewa hadi Jumatatu, mbele ya watu walewale. Shangazi jamani! Sina cha kumlipa.

Ijumaa, 8 Machi
Shangazi alininunia mpaka chakula kilipoiva. Kisha akasema amenidanganyia mara moja, ya pili nijitetee mwenyewe. Akanipakulia kingi kuliko jana. Bibi Futi kaniazima utepe wake, bila hata kunisimanga. Nimezungukwa na watu wema, nisiwaangushe.

Jumapili, 10 Machi
Utepe umenifaa sana. Nimeanikia mashati yote. Jua kali halafu nikatoke nikapime? Nimeisogeza barabara kushoto kidogo tu, kwenye picha ileile pale pako wazi kabisa. Jiko limepona, shangazi kafurahi, nami nimemshukuru Mungu kwa akili aliyonipa. Furaha isiwe yangu peke yangu. Nimechungulia juu ya ua wa kushoto, nikamwalika jirani yetu mshonaji aje kesho mkutanoni. Nimemwekea kiti cha mbele.