Mwatime binti Abdulsamad na Siku Nne za Theluji

Enyi mlioketi na mlio njiani, mlio kazini na mnaojifanya mko kazini, tegeni masikio! Wekeni simu chini, punguzeni sauti ya televisheni, mniache nitie chumvi kwa utulivu, kwani leo nawasimulia vita vikuu vilivyopiganwa Stafford, katika nchi ya Texas, ndani ya jiko lenye meza moja na viti vitano. Damu haikumwagika. Chai ilimwagika mara mbili, na zote mbili akapangusa mtu yule yule.

Palikuwa na shujaa, jina lake Mwatime binti Abdulsamad, mzaliwa wa Mombasa, muuguzi wa zamu za saa kumi na mbili, mwonaji wa mshipa usioonekana, mtuliza wagonjwa wakali, ambaye hata madaktari wakubwa humpisha ujiani. Mumewe aliitwa Ubeid, bwana wa lori la magurudumu kumi na manane, aliyevuka jangwa na mafuriko bila kumwuliza mtu njia. Mungu aliwajaalia watoto wawili: Aiman wa miaka kumi na miwili, na Tasnim wa miaka minane. Huyo Tasnim ndiye chanzo cha vita.

Kwa miaka mitatu mfululizo Mwatime aliwaahidi wanawe theluji. Mwaka wa kwanza kazi ilimnyima ruhusa. Mwaka wa pili Aiman alivunjika mkono mpirani, na wa tatu wakaenda Mombasa arusini. Hata ulipoingia mwaka wa nne, shujaa akasimama katikati ya jiko akatangaza, "Safari hii, inshallah, twenda kuteleza kwenye milima ya Colorado!" Tasnim hakuruka wala hakupiga kelele. Alimtazama mamake kwa upole, akamshika mkono, akamwambia, "It's okay, Mama. You don't have to say it."

Ole wake mama anayehurumiwa na mwanawe! Mwatime alikuwa ametukanwa na wagonjwa wa kila kabila asitikisike, lakini kuambiwa na mtoto wa miaka minane kwamba hana haja ya kuahidi tena kulimuuma kuliko matusi yote. Alijifungia bafuni akalia kidogo. Kisha akanawa uso, akaapa mbele ya kioo kwamba mwaka huu binti yake atakanyaga theluji, hata kama itabidi amburute kwa blanketi.

Akaingia vitani. Mwezi wa Novemba alikamata chumba chenye meko, akakamata mwalimu wa kuwafundisha watoto kuteleza, akakamata na nafasi za ndege, vyote kwa ile wiki ya Machi ambayo shule hufungwa. Alilala usingizi wa washindi. Lakini Januari ikaja kalenda ya msikiti, akaibandika kwenye friji, akarudi nyuma hatua moja kuitazama vizuri. Lahaula! Wiki ile yote ilikuwa ndani ya Ramadhani. Yeye ajuaye dozi ya kila dawa kwa moyo alikuwa amesahau mwezi.

"Mke wangu," akanena Ubeid, akiwa ameinua kikombe chake kana kwamba anahutubia umati, "msafiri ana ruhusa ya kufungua. Hilo halina mjadala."

"Msafiri ana ruhusa, sawa. Na dada yako Jannat utamwambia wewe, kwamba tumekula mchana wa Ramadhani ili tuteleze juu ya mbao?"

Ubeid akakishusha kikombe pole pole, kikatua juu ya kijiko, kikainama. Ndiyo mara ya kwanza chai ilipomwagika.

Ikabaki njia moja tu: wikendi ndefu ya Februari, watakapofunga shule Ijumaa na Jumatatu. Siku nne! Na hoteli ikakubali kubadilisha, ila nafasi wangeshikiwa mpaka kesho yake jioni, basi. Mwatime akahesabu kwenye kalenda kwa kidole, akahesabu tena, akaketi. Siku hizo ndizo za mwisho za Shaabani. Ndizo siku za vunja jungu, ile karamu ya kuuaga mlo wa mchana kabla ya mfungo, na kwa ukoo wa Ubeid vunja jungu ilikuwa na nyumba moja tu duniani, nayo ni ya Bi Jannat, Cedar Hill, mwendo wa saa nne kwa gari.

Na sasa, ewe kalamu, usitetemeke, maana tunamtaja Jannat! Dada mkubwa wa Ubeid, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, mwenye sufuria ambayo hubebwa na wanaume wawili. Kwa miaka kumi na saba kila Jumamosi ya mwisho ya Shaabani ukoo mzima ulikula kwake. Binamu mmoja alikosa mara moja kwa sababu alikuwa anapasuliwa figo, na hadi leo hukumbushwa.

Kwanza Mwatime alitafuta mshirika. Hospitalini alimwendea Wawira, muuguzi mwenziwe, mtu wa Embu, akamweleza shida ya zamu yake kwa sauti ya mtu anayeomba jeshi.

"Ai, hiyo tu?" Wawira akasema, huku anavaa glavu. "Nita-cover Saturday na Sunday, wewe enda. Lakini unajua hiyo ni baridi ya ukweli? Mimi nimekaa Minnesota miaka sita. Majaketi yote bado niko nayo kwa garage, na huku Houston nitavalia wapi? Kesho nakuletea."

Kweli kesho yake gunia la makoti, kofia na glavu likatua sebuleni Stafford. Tasnim alilipita mara tatu bila kuligusa. Mwatime aliona, akaitazama saa, kwani jioni ilikuwa inaingia na simu ya Cedar Hill ilikuwa bado haijapigwa. Akamtafuta mumewe, bwana wa lori, mvuka jangwa. Alimkuta garaji.

"Mpigie wewe," Ubeid akasema bila kugeuka. "Yuwakupenda wewe zaidi. Mimi napanga misumari hapa."

Basi shujaa akaingia uwanjani peke yake. Alikuwa ameandika hotuba nyuma ya bahasha ya bili ya umeme, hotuba ya sentensi kumi na moja, kila moja na heshima zake. Akapiga.

"Masalkheri, shikamoo dada Jannat. Ewe wifi yangu, nguzo ya ukoo wetu, mpishi ambaye harufu ya pilau yake..."

"Marahaba. Umegonga gari la nani?"

"Sijagonga gari, dada."

"Basi Ubeid mgonjwa?"

"Yuko garaji. Apanga misumari."

"Hajapata kupanga misumari tangu azaliwe. Sema, mwanangu, kuna nini?"

Hapo sentensi kumi zilizosalia zikatawanyika zote. Mwatime aliitazama bahasha akaona si chochote, akaitupa mezani, ikapiga kikombe, chai ikamwagika mara ya pili. Akasema tu ilivyokuwa. "Dada, Tasnim haniamini tena. Nimemwahidi theluji miaka mitatu. Sasa ananiambia nisijisumbue kusema. Nafasi imebaki siku zile za vunja jungu, na nathibitisha leo jioni au nikose. Nikikosa, sijui nitamwambia nini yule mtoto."

Kule Cedar Hill Jannat akakoroga chai yake. Kijiko kilisikika kikizunguka ndani ya kikombe, mara saba, mara nane. Mwatime hajawahi kungoja majibu ya maabara kwa roho juu namna ile.

"Jungu ni la nani?" akauliza Jannat.

"Lako, dada."

"Basi nalivunja nitakapo. Mwaka huu ni Jumamosi ya kabla yake. Wambie wote, asiyeweza na akae na njaa yake." Akashusha pumzi. "Miaka kumi na saba, Mwatime! Nawapikia watu arubaini, kisha Ramadhani yaingia mgongo sina. Hapana hata mmoja aliyeniuliza kama siku ile yanifaa. Nami nikaona haya kuibadilisha mwenyewe."

"Ahsante, dada. Ahsante sana."

"Ahsante ya nini? Utaleta viazi vya karai na mkate wa sinia. Na huko mwendako, watoto wafunikwe masikio. Nitumiwe picha niyaone yamefunikwa."

Hivyo ndivyo ngome ya Cedar Hill ilivyofunguliwa, si kwa hotuba, bali kwa mtu kusema shida yake. Ubeid akachungulia mlangoni na msumari mmoja mkononi, akauliza amesemaje, akaambiwa ajifunze kukaanga viazi. Mwatime akaivuta kompyuta, akainua kidole chake cha shahada, kidole kilichopapasa maelfu ya mishipa, akakiteremsha juu ya kitufe. Barua ya uthibitisho ikaingia kabla hajamaliza kusema bismillahi.

Akawaita watoto. Aiman alipiga yowe moja. Tasnim alisoma skrini yote kwa kunong'ona: tarehe, mlima, jina lake mwenyewe katika orodha ya wanafunzi. Hakucheka bado. Alimgeukia mamake na swali ambalo mahakama yoyote ingejivunia.

"Does Auntie Jannat know?"

"Anajua."

"And she said yes?"

"Amesema yes. Amesema mfunike masikio."

Mtoto akafikiri. Kisha akatoka mbio kuelekea sebuleni, na kishindo cha gunia linalopinduliwa kikasikika nyumba nzima.

Walipoitwa kula, wali wa nazi ukifuka mvuke mezani na nje watu wakipita na fulana, Tasnim alikuja amevaa koti la Wawira linaloburuta chini, kofia hadi kwenye nyusi, na glavu nene zilizofika viwikoni. Aliamriwa avue anawe mikono. Akasema hawezi, anajizoeza: "I'm practicing, Mama." Basi iandikwe katika tarehe za Stafford, wasome wajukuu na vitukuu: jioni ile Mwatime binti Abdulsamad, asiyevumilia utovu wa adabu mezani, alivuta kiti karibu na binti yake, akamega wali, akamlisha tonge kwa tonge hadi sahani ikaisha, na glavu hazikuvuliwa.