Nilisema Mbili!

Jumanne, 4 Hidar

Wamempa Tsion! Kiti cha mwongozaji, mbele kabisa ya ukuta wa skrini, amepewa binti aliyeajiriwa mwaka juzi. Mimi Zerihun, miaka kumi na minne katika chumba hiki cha kurushia matangazo ya televisheni, nimebaki kona, nyuma ya nguzo. Skrini tisa sizioni kabisa. Ato Getnet, mkuu wetu, kasema mimi ni mwepesi wa hasira. Eti nilimrushia mtu kikombe. Kilikuwa kitupu!

Tsion akaja kunisalimu. Akasema, "Gashe, nitahitaji sana uzoefu wako." Gashe! Kama mzee wa kushikwa mkono kuvuka barabara.

Jumatano, 5 Hidar

Siku ya mfungo. Kahawa bila maziwa. Akili inachemka.

Siku hizi kila meza ina paneli yake ya vitufe, na paneli yoyote inaweza kupanga upya ukuta mzima. Hata ya kona. Jumapili tunarusha mubashara mbio za wanawake. Mita mia tatu za mwisho, mwongozaji hubonyeza mpangilio namba nne. Hapo picha za pikipiki zetu mbili hukaa kubwa katikati ya ukuta, kila moja na jina lake chini.

Nimebadilisha majina. Moja sasa inaitwa mbili, mbili inaitwa moja. Madirisha yenyewe ni meusi, pikipiki ziko gereji. Nani ataona? Tsion atapenda picha, atasoma jina, atamwambia Tolosa, fundi wetu wa mitambo, airushe. Tolosa atabonyeza, itatoka nyingine. Nchi nzima ikitazama!

Nimekula shiro sahani mbili.

Jumamosi, 8 Hidar

Mazoezi ya matangazo. Sikwenda. Nimesingizia jino.

Jumapili, 9 Hidar

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi na mapema Ato Getnet alipiga simu. Msimamizi wetu wa kwenye utepe wa kumalizia mbio kaugua, Tsion kaenda kushika nafasi yake. Kiti cha mbele nikae mimi. Nilikimbia na viatu visivyofungwa!

Jambo la kwanza, nikarudisha majina ya pikipiki. Madirisha yalikuwa bado meusi. Kitabu cha zamu kilikuwa wazi mezani, kimejaa mwandiko wa Tsion, wa duara kama wa darasa la pili. Sikusoma. Nifundishwe na yeye?

Mbio zikaenda vizuri. Kamera ya kwenye utepe niliamuru igeuzwe jukwaani, imwoneshe Ato Getnet na suti yake mpya.

Mita mia tatu za mwisho. Birkinesh, miaka thelathini na minane, mara sita ameshika nafasi ya pili, anaongoza! Nikabonyeza nne. Yule pale, ukutani, picha safi. Chini yake: Pikipiki 2.

"Mbili!" nikamwambia Tolosa.

Hewani akatokea dereva wetu wa pikipiki, ameegemea mkaratusi, anakojoa.

"Mbili, wewe!"

"Ndiyo hii mbili, Gashe."

"Nimesema mbili! Huna masikio?"

"Ninayo. Ona mwenyewe. Nikupe moja?"

"Usinifundishe kazi!"

Sekunde arobaini na moja. Dereva akamaliza, akafunga zipu. Ningetamka "moja" tu, yangeisha. Sikutamka. Birkinesh akakata utepe, akaanguka, akabusu lami. Tuliomwona kwenye skrini ni sisi watano chumbani. Kinachohifadhiwa ni kile tu kilichotoka hewani.

Kisha nikasoma kitabu cha zamu. "Jumamosi: majina ya pikipiki kwenye namba nne yalikuwa yamepinduka. Nimerekebisha. Tafadhali msiguse. Tsion."

Jumatatu, 10 Hidar

Mama yake Birkinesh amepiga simu kutoka Asella. Alikusanya majirani sebuleni. Anauliza kama kuna picha nyingine, hata ndogo. Hakuna.

Tsion kanifuata kwenye ngazi. Paneli zinaweka kumbukumbu, kumbe. Anajua saa, anajua meza. Akasema hatamwambia mkuu. "Ila mpigie yule mama, Gashe. Mwombe radhi wewe mwenyewe." Akanipa namba. Macho yake mekundu. Ya nini? Hakuwa yeye kitini!

Alhamisi, 13 Hidar

Nimehamishiwa stoo ya kanda za video. Hakuna dirisha.

Siku tatu nimeiangalia ile namba. Leo nimepiga. Sauti ya mama ni ndogo, unalazimika kubana simu sikioni. Nikamwambia natoka televisheni, nimeshindwa kulala kwa ajili yake. Ni kweli. Akasema, "Pole, mwanangu. Nani alikosea, kwani?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema.

Nikamwambia anaitwa Tsion. Nikamtajia herufi moja moja, aandike.

Akanishukuru kwa kuwa mtu wa kweli. Akaniombea kwa Mungu nipandishwe cheo. Mtu hajawahi kuniona, lakini ameona ninachostahili!

Kesho namwandikia mkuu barua. Kile kiti ni changu.