Ngozi ya Ng'ombe Kwenye Waya za Pikapu

Jumatatu, 10 Juni 2024
Pikapu ya mwanangu Bujiku imenuka moshi tena. Hubebea mawe ya dhahabu kutoka mashimoni hadi kwenye karasha, mashine ya kusaga mawe, na waya zake zimebanduka, zimebaki uchi kama kuku wa sikukuu. Fundi Nuruddin kasema anataka waya zenye ganda lisiloshika moto, la sivyo siku moja gari litamchoma dereva. Zinapatikana wapi hapa Buseresere? Kwa Mwamvua! Yule aliyetangaza sokoni kwamba samli yangu ina maji. Siendi. Mguu wangu haukanyagi pale.

Jumanne, 11 Juni
Nimepata! Ngozi ya ng'ombe. Nimelala juu ya ngozi kando ya moto tangu utoto, na sijaungua hata ukucha. Sikusoma, lakini akili ninayo. Nimekata vipande vyembamba, nikavilainisha kwa samli kama alivyonifundisha mama. Bujiku alipolala mchana nikavizungusha kwenye waya moja moja. Safi kabisa. Mbwa wa jirani kalamba boneti. Dalili nzuri.

Alhamisi, 13 Juni
Bujiku kaondoka asubuhi. Mimi nikaenda dukani kwa Mwamvua na kipande cha waya nilichokivika ngozi. Kutamba tu, si kununua! Akauliza tangu lini ng'ombe akawa fundi umeme. Akawasha kiberiti, akachoma kipande cha waya wake. Ganda likasinyaa, likawa jeusi. Alipoondoa kiberiti, moto ukafa. Akasema haya, Mama Bujiku, lete wako.

Nikautoa kwa madaha. Lo! Uliwaka kama karai la maandazi lililopinduka! Kiberiti kimeondolewa, wenyewe unaendelea tu, unadondosha moto. Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kisha nikakumbuka zile nyingine ziko mbele ya magoti ya mwanangu.

Bodaboda! Kanga mkononi, kiatu kimoja. Nikamkuta njiani kabla ya mashimo, boneti wazi, moshi mtupu, anatupia mchanga. Mzima! Nikampiga kofi kwanza kwa kunitisha, ndipo nikamkumbatia hadi akalalamika mbavu. Akauliza, mayu, mama yangu, nani kachoma nyama kwenye gari langu? Nikamwambia tutaongea nyumbani. Hatujaongea.

Ijumaa, 14 Juni
Mwamvua kaja mwenyewe na waya, kamkabidhi Nuruddin afunge. Kasema mtoto wangu ni wake pia. Nikalia kidogo. Nikamjazia kibuyu cha samli, nikamwomba akumbuke moto wa jana: samli yenye maji inawaka vile? Akakubali haiwaki. Mbele ya Nuruddin! Nimeshinda.

Jumamosi, 15 Juni
Waya mpya zinapendeza. Ila fyuzi imekatika. Nuruddin kaeleza kwamba hiyo kazi yake ni kukatika mapema, umeme ukizidi, waya zisije zikapata moto. Nyingine ipo kwa Mwamvua. Ningekwenda, lakini leo kaniamkia shikamoo bibi, kwa sauti ndefu, mbele ya wateja. Bibi! Tumepishana mvua mbili tu. Siendi.

Halafu kitu gani hicho kinachokatika hovyo? Udhaifu mtupu. Bujiku alipoingia kunywa uji nimepachika msumari wa bati mahali pale. Umeenea vizuri. Ameondoka anapiga honi. Ule haukatiki kamwe.