Kibuyu cha Bibi Mokami na Ulimi wa Msemaji

Sogeeni, enyi akina mama mlioolewa Mugumu na ninyi mlioolewa Tarime, epueni sufuria mje msikie; maana vita hii ilipiganwa jikoni kwa Stefania, na kesho yaweza kupiganwa kwenu.

Tamthilia ya runingani ilikuwa imefika pale msemaji wa serikali, mwanamume wa suti isiyojikunja, anaposimama mbele ya waandishi wa habari kama boma la mawe, akaulizwa nani aliamuru daraja livunjwe, akajibu na kujibu mpaka sehemu ikaisha na jibu halijapatikana. Naomi, binti wa Stefania, bingwa wa viporo, mlinzi wa rimoti, alimtazama bila kupepesa. Laiti mama yake angezima!

Kesho yake kibuyu cha maziwa ya mgando, alichowekewa mama mkwe, Bibi Mokami wa Nyambureti, mwanamke ambaye hajawahi kusifu chakula cha mkwe yeyote, kilikutwa juu ya kabati, chepesi kama unyoya. Na basi la Bibi lilikuwa limeshaingia stendi.

"Naomi! Nani kanywa maziwa ya bibi yako?"

Naomi akasimama nyuma ya ndoo iliyopinduliwa. "Nashukuru kwa swali hilo, mama. Suala la maziwa tumelipokea na linafanyiwa kazi."

"Na nani?"

"Na wahusika."

"Mhusika ana sharubu nyeupe mdomoni!"

"Siwezi kuzungumzia jambo lililo kwenye uchunguzi. Swali lingine?"

Stefania akashambulia kwa upole, akashambulia kwa mwiko, akashambulia kwa jina la baba mtu; yote yakadunda kama mvua ya mawe juu ya bati. Ndipo akaogopa kweli. Siku mtu akimuumiza mtoto huyu njiani, atamwambia mama yake, au atamshukuru kwa swali?

"Hodi humu!"

Bibi Mokami akaingia, akaamkiwa, akaketi, akainua macho juu ya kabati. "Mama Naomi, maziwa yangu yako wapi?"

Na Stefania, jemedari wa jiko, nguzo ya nyumba ile, akafungua kinywa, na kinywani mkatoka: "Mama, suala la maziwa... linafanyiwa kazi."

Naomi akamtazama mama yake kama alivyomtazama yule wa suti, bila kupepesa. Kisha akapepesa. Akatoka nyuma ya ndoo.

"Bibi, nimekunywa mimi. Yote. Mama hana kosa."

"Ehee. Yalikuwaje?"

"Matamu, Bibi. Nilisema nionje tu, nikashindwa kuacha."

Bibi akamgeukia mkwewe, akamkagua kutoka kilemba hadi kandambili. "Kumbe unajua kugandisha."

Basi na wajue watakaozaliwa kwamba siku hiyo, Mugumu, mtoto aliulizwa akajibu, na mama mkwe akasifu. Nanyi wenye runinga, kaeni karibu na rimoti. Na mkiulizwa ninyi, jibuni, maana wapo wanaotazama.